Kikombe Nilichokataa Kukitikisa

Ami yangu aliishi juu ya mlima, na kutoka huko juu alidhani anaona kila kinachotendeka Maskati. Alikuwa mdogo wa marehemu baba, na kwa kuwa baba alizikwa Unguja, yeye ndiye aliyebaki kuwa walii wangu, mwenye kauli ya kuniozesha. Majira ya baridi yale tulikuwa na miaka michache tu tangu tuingie Omani. Alituma neno kwa mtu wake aliyeshuka kuuza komamanga: nifunge darasa langu, na baridi ikipungua atakuja mwenyewe kunichukua, nikaolewe huko huko mlimani.

Darasa lenyewe lilikuwa ukumbi wa nyumba tuliyopanga Matrah, kando ya Maskati, mkeka mmoja na ubao nilioupaka masizi. Wasichana wa mtaani walikuja wakitoka chuoni, wameshasoma Kurani yao, nami nikawafundisha kuandika, hesabu na ramani ya dunia. Unguja nilikuwa mwalimu, nimesomea kazi hiyo na nikaipenda. Hapa skuli zilikuwa chache na zote za wavulana. Hakuna aliyeniambia nifundishe, wala hakuna aliyenikataza mpaka ami alipoamka.

Mama alilia kwanza, halafu akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Mwanangu, mie neno la shemegi yangu s'wezi kulivunja. Hata tende tunazokula ni zake. Kalivunje mwenyewe mbele ya uso wake."

"Basi nnapanda."

"Na baridi hii? Ngoja mawardi yachanue."

"Mawardi yakichanua yeye keshashuka."

Kaka yangu alikubali kunisindikiza, maana mwanamke hasafiri peke yake, na pia kwa sababu alitaka kuniona nikigeuka nusu ya njia. Alinitania tangu tulipopanda lori la mizigo mpaka tulipofika chini ya mlima, ambako yule muuza komamanga alitungoja na punda wake. Nilivaa viatu vya raba nilivyokuja navyo kutoka Unguja, sweta la kaka, na kanga juu ya kanga. Kaka alivaa makubadhi mapya ya ngozi ili aingie kwa ami kama mtu.

Njia ile haina huruma. Ni ngazi za mawe zilizochongwa ubavuni mwa jabali, huku ukuta na huku shimo. Mwanzo ilinyesha mvua nyembamba, tukailaani. Tulipopita genge la kwanza la jabali, mvua ikageuka ya mawe, ikatupiga vichwani na mikononi. Kisha upepo ukatulia na vitu vyeupe vikaanza kushuka polepole bila sauti, kama nazi inayodondoka mbuzini. Nilijua ni theluji. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Unguja juu ya theluji ya Kilimanjaro, nikawachorea na picha, na siku ile nikagundua kwamba nilikuwa sijui hata moja. Sikuwaambia kwamba inaingia viatuni, ikayeyuka, ikawa maji, na maji yale yakauma mpaka mfupani.

Theluji laini haikuwa tabu kubwa. Ulisikia mguu ukizama na kushika. Tabu ilikuja jua lilipochungulia kidogo, theluji ikalainika ikawa uji, kisha wingu likarudi na upepo wake na uji ule ukaganda juu ya mawe. Kila ngazi ikawa kioo. Punda alisimama, akatutazama, akakataa. Mwenyewe alimvuta, akambembeleza, akamtukana, na punda akabaki pale pale.

Niliteleza mara mbili, nikashika mwamba kwa kucha. Ndipo nikakumbuka mama alivyokuwa akitembea Unguja sakafu ikiwa imelowa: akifunga kitambaa miguuni. Nikavua kanga ya juu, nikaichana vipande, nikafunga juu ya raba zangu. Nikajaribu ngazi moja, nyengine, nikawa sitelezi tena. Nikampa kaka vilivyobaki.

"Funga."

"Kanga? Miguuni mwangu?"

"Basi funga kichwani, kama ndicho unachotembelea."

"Mie siingii kwa ami na kanga za wanawake miguuni. Watu wa huku watatucheka mpaka kiyama."

Sikumbembeleza. Hakwenda mbali. Nilisikia makubadhi yakiteleza, kisha kishindo, na alipotulia mguu wake ulikuwa umepinda kifundoni na uso umemtoka rangi. Namshukuru Mungu aliangukia upande wa ukuta. Muuza komamanga alimtazama, akasema mmoja abaki naye na mmoja aende kijijini kuita watu. Mimi nisingeweza kumnyanyua kaka hata hatua moja. Kwa hiyo nikamwachia vile vipande vya kanga, nikaenda mimi.

Nilipanda peke yangu nikiwa na hasira, na hasira ile ilinifaa kuliko sweta. Nilikuwa na hasira na kaka, na ami, na mlima wenyewe. Ningegeuka, ningekuwa nimefunga darasa kwa miguu yangu mwenyewe.

Niliingia barazani kwa ami mchana, wanaume wamezunguka moto. Mwanamke haingii pale, lakini sikuwa na muda wa kuutafuta mlango wa ndani. Nikasema kaka ameanguka na wapi. Vijana wakaruka na kamba na mablanketi. Wakabaki ami na wazee wawili. Ami, aliyewahi kuuza dukani Pemba na Kiswahili chake bado kikali, akanionyesha pa kukaa karibu na moto.

Huku kuna ada. Mgeni wa mbali hupewa tende na kahawa, halafu mwenyeji humuuliza habari, na hakuna wa kumkata kauli mpaka mgeni aseme hana nyengine. Mwenyeji humaliza kwa kusema kheri, yaani khabari ameipokea. Na mgeni akitosheka na kahawa hutikisa kikombe. Asipotikisa, hutiliwa tena. Siku zetu za mwanzo Maskati, mama hakulijua hilo la kikombe. Alitiliwa akanywa, akatiliwa akanywa, kwa adabu zake zote, na majirani wakatucheka sisi Wazinjibari, kama walivyotuita, mwaka mzima. Mimi nilishajifunza.

Ami akanitilia kahawa kwa mkono wake.

"Khabari?"

"Wasichana wa Matrah wanajua kuandika majina yao."

Nikanywa, nikanyoosha kikombe bila kukitikisa. Akatia.

"Khabari nyengine?"

"Darasa sifungi."

"Hiyo si khabari. Hilo ni ombi."

"Ombi ningelituma na muuza komamanga, ami. Mie nimeleta khabari."

Nikanyoosha kikombe. Wazee wawili waliutazama moto kwa bidii kubwa. Akatia.

"Khabari nyengine?"

"Na s'olewi huku."

"Tikisa kikombe, mwanangu."

"Bado hujanijibu."

Akanitilia. Nikanywa, nikanyoosha, na tena, na tena. Moyo ulikuwa ukinidunda mpaka nikaogopa kikombe kitatikisika chenyewe. Dele la kahawa lilikuwa karibu tupu wakati vijana walipoingia wamembeba kaka. Miguu yake yote miwili ilikuwa imefungwa vipande vya kanga yangu, vyekundu na vyeusi, mbele ya kijiji kizima.

"Nani kamfunga hivi?" akauliza ami.

"Kanga zake yule," akasema kaka, amefumba macho. "Mwanzo nilizikataa."

Ami akaangalia miguu ya kaka, kisha akaangalia yangu, iliyofungwa vile vile, ikichuruzika maji juu ya zulia lake.

"Kheri," akasema.

Nikatikisa kikombe.

Tuliporudi Matrah mama aliuliza ami kasema nini. Nikamwambia kasema kheri.

"Kila mwenyeji husema kheri," akasema mama.

"Na yeye kasema mbele ya mashahidi."

Mama alichukua ufagio, akafagia ukumbi, akautandika mkeka.

Ami hakushuka kunichukua. Ila mawardi yalipokwisha, muuza komamanga alibisha hodi, na nyuma yake amesimama msichana mwenye furushi, binti mdogo wa ami.

"Mzee kaniambia nikwambie hivi," akasema. "Hakuombi. Anakupa khabari. Huyu atakaa kwako asome."

Nikamwambia mtoto avue viatu aingie, wenzake walikuwa wameshaanza. Kisha nikamtilia yule mtu kahawa.