Beji ya Baba

Juzi, stendi ya Ruangwa, nilimwona mgambo akisugua beji ya kofia yake kwa jivu na ndimu. Harufu ile ikanirudisha Nachingwea, matrekta ya mashamba ya karanga yakinguruma mbali, mama akisugua beji ya kikosi cha baba, ile yenye tarumbeta, kama kila mchana.

Nilidhani anaitayarisha ili baba akirudi aivae. Sasa najua baba mdogo alirudi nayo kutoka vitani Burma, baada ya kumzika kaka yake.

“Shemeji, utaimaliza,” alisema baba mdogo. Nilimwona mkali, huenda nilimwonea.

“Mama, inang'aa! Ila tarumbeta halionekani tena,” nikasema.

“Acha lifutike,” mama alijibu. “Limeita watu wa kutosha.”

Nikakimbia jikoni kumletea jivu jingine.