Uvira Haitolewi

Juzi, mbele ya trei za mayai sokoni Mbarara, nilikumbuka alasiri moja ya utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Turubai letu lilinuka jua, na maharage yalikuwa yakichemka taratibu.

"Nyumba yangu haina mlango," dada alitega kitendawili.

"Ni hii yetu!" Mlango wetu ulikuwa blanketi.

Alicheka. "Umeshindwa. Unipe muji. Unipe Uvira!"

Anayeshindwa hutoa mji, nami niliamini mji huo hupotea kweli. Baba alikuwa bado Uvira, mji wetu tulioukimbia. Nikajibu mbiombio: "Ngoma! Boga! Kichwa chako!"

"Mama, jibu ni yai," dada alilalamika.

Mama alikoroga maharage. "Boga haina mulango. Kichwa yako pia. Mutoto ameshinda."

Nikatoka kucheza, nikiwa nimemwokoa baba.