Antena Ndefu za Kasulu

Kanisani kwetu wanasema aliyesamehe husahau. Mimi nilitundika antena mbili kwenye msumari, juu ya kompyuta yangu, nisije nikasahau hata siku moja.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kibondo mjini. Kompyuta ilikuwa na kadi ya Wi-Fi, lakini antena zake zilipotea njiani. Nikaichomoa kadi, nikapanda gari nayo hadi Kasulu, kwa muuza vifaa mmoja aliyesifika.

Mimi ni mtoto wa Mabamba. Kule mpakani, simu ikizubaa inadaka mtandao wa Burundi na salio linateketea. Kila nyumba ilisimamisha mti wenye antena kileleni, na mwenye mti mrefu ndiye aliyeongea na ndugu zake wa mbali. Kwa hiyo yule bwana aliponiuliza nataka antena zipi, sikufikiri mara mbili.

"Nipe ndefu kuliko zote, kama za kwetu Mabamba."

Akachakura kreti la vitu alivyonunua Mtendeli kambi ya wakimbizi ilipofungwa, akatoa mbili. Akaizungusha moja kwenye kadi yangu, ikaingia kama parafujo. "Nyuzi zimekubali," akasema. "Zikikubali nyuzi, basi."

Mdogo wangu wa kike alikuwa ananisubiri dukani na bahasha ya vyeti. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba chuo cha uuguzi kwa mtandao, na wote wawili simu zetu zilikuwa vitochi visivyo na intaneti. Nilikuwa nimemkataza kupanga foleni kwa watu wengine. Dada yake si ana kompyuta? Nikafunga antena, nikawasha. Mtandao niliokuwa naulipia ulikuwa chumba cha pili, lakini kompyuta haikuuona. Nikakaza antena kwa koleo. Mdogo wangu akawa anatafuna pembe ya bahasha. Tulipokubali kukimbilia duka jingine, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa.

Kabla mwaka mwingine haujafika, baba alikwishapokea mahari. Mdogo wangu akaolewa, akaenda kulima Makere.

Nilirudi Kasulu na antena zangu. Yule bwana alicheka mbele ya wateja. "Hizo ni za ruta za laini za simu, za kushika minara. Nilijua. Si ulitaka ndefu? Rudi zako Mabamba ukashike Burundi."

Nilizaliwa hapa hapa Tanzania, nina kitambulisho. Nilizitia antena zangu mkobani, nikarudi kwenye gari.

Aliyenifundisha ni fundi mzee wa Kikongo, aliyeimulika kadi yangu kwa tochi. "Mama, tazama pa katikati," akasema. "Kadi iko na sindano. Antena nayo iko na sindano. Zinasukumana tu. Tafuta antena ya tundu, ile ya Wi-Fi. Urefu haina kazi." Sindano ya kadi nilikuwa nimeipinda mwenyewe kwa koleo. Nikanunua kadi nyingine, nikapata antena fupi kama vidole, na zikashika. Tangu siku hiyo mtu yeyote Kibondo akisumbuliwa na antena, analetwa kwangu.

Ndivyo alivyoletwa hata yule bwana wa Kasulu. Alikuwa amefungua tawi karibu na stendi yetu, na kompyuta aliyoibeba haikushika mtandao, ingawa antena zake zilikuwa fupi. Nyuma yake alisimama binti yake na bahasha. Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya vyuo.

"Samahani dada, nasikia wewe ndiye bingwa wa antena." Hakunitambua hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikampa tochi. Nikamwinamisha juu ya kadi yake mbele ya wateja wangu wote. "Katikati kuna nini?"

"Sindano."

"Na kwenye antena yako?"

"Sindano."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawajasikia."

Akasema. Ndipo nikaziangua zile ndefu kutoka msumarini, nikamwekea mkononi. "Chukua na hizi. Nyuzi zitakubali."

Alizitazama, kisha akanitazama, na uso ukamshuka. Nilisikia raha mwili mzima, siwezi kudanganya. Binti alipoomba kutumia kompyuta yangu, nilimwambia mtandao unasumbua, asubiri. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikaa nikiangalia saa ikimla baba yake, hadi nilipomwona binti anaanza kutafuna pembe ya bahasha.

Nikamvutia kiti. Nilimjazia mwenyewe, nikatuma. Baba yake alikuwa nje juani, zile antena ndefu mkononi.

Jumapili nikaenda Makere kumsimulia mdogo wangu. Nilimwigizia yule bwana alivyoinama na tochi, na binti yake nilivyomwambia asubiri. Nilimngoja acheke. Alikuwa anapalilia maharage, mtoto mgongoni, na hakuinua kichwa.

"Yule binti," akauliza, "aliomba kusomea nini?"

Nikamwambia ni uuguzi.

"Ulimsubirisha muda gani?"