Nilikisingizia Kimanga

Nakumbuka asubuhi niliyosukuma sahani ya kimanga, mwanangu, nikamwambia Mama Wakesho, mke wangu, kwamba chakula chake kinaniua. Kimanga, mihogo na maharagwe aliyoyaponda mwenyewe, chakula kilichonilea kule Makwasinyi. "Basi Baba Wakesho, jipikie," akasema, akaenda kukaa uani.

Nilikuwa kijana, nakata mkonge kwenye shamba moja upande wa Voi. Kazi ile ni kuinama tangu alfajiri, na mgongo ukikataa, matita hayatimii. Wakataji tulikuwa na desturi yetu: vidonge viwili vya diklofenaki kutoka dukani, chai ya rangi, tumbo tupu, kisha panga. Hakuna aliyeuliza. Mgongo ulitulia, nami nikajiona mjanja.

Halafu tumbo likaanza kuwaka, hapa chini ya kifua. Sikuelewa. Nikila linachoma, nisipokula linachoma. Nikashuku maji ya chumvi, nikashuku husuda ya jirani, Mungu anisamehe, mwishowe nikakomea kwa kimanga. Na kwa kuwa dawa ya moto ni moto, unajua nilifanya nini? Niliongeza vidonge. Si ni vya maumivu? Na tumbo si linauma? Cheka, una haki.

Choo kikawa cheusi kama lami, nikanyamaza. Mwanamume ataanzaje kusimulia choo chake? Siku ya tatu nikaanguka katikati ya mistari ya mkonge. Mama Wakesho, yule yule niliyemsingizia, ndiye aliyenifikisha hospitali. Damu yake ikapatana na yangu, nikatiwa hiyo.

Daktari aliuliza ninameza nini. Nikavitoa mfukoni mwa shati. "Hivi ndivyo vilivyokutia vidonda vya tumbo," akasema. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta chunguni. Akanieleza kwamba kile kinachotuliza maumivu huondoa pia kinga ya tumbo. Nikatikisa kichwa kukubali, lakini nilielewa nusu tu, na hiyo nusu nyingine hadi leo inanichanganya. Nilichoelewa vizuri ni aibu.

Sasa nimeviona mfukoni mwako, mwanangu, na najua goti linakusumbua. Sikukatazi dawa. Muulize daktari kwanza, mwambie na zile nyingine unazomeza, wala usizifanye kifungua kinywa. Hata ukishiba, zinaweza kukudhuru. Tumbo likiwaka, ziache, urudi kwake. Ukiona choo cheusi au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, useme bila haya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mola akupe mgongo wa kazi na tumbo la kutulia, na akupe mtu wa kukubeba hata siku uliyomkosea. Wangu yuko jikoni, anaponda. Weka hivyo vidonge mezani, unawe mikono, tule.