Tairi Laini la Mavyaa

Nikiwasimulia haya mtacheka, na mcheke tu, maana hata mimi nilipokuwa nimesimama mbele ya padri na kanisa zima la Changamwe, sketi yangu nyeupe ikichuruzika maji ya mchele, nilijua kwamba siku moja nitayasimulia mwenyewe kabla wengine hawajanisimulia vibaya. Aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu. Hakuna aliyenisukuma.

Mume wangu, Baba Dama, aliniachia gari. Si gari la kubebea mkaa, hapana, ni gari dogo la michezo, jeusi, limeinama chini kama paka anayetaka kuruka, na magurudumu yake yana rimu kubwa za rangi ya fedha, za inchi kumi na nane, ambazo yeye alikuwa akizisugua kila Jumamosi kwa mswaki (mswaki wa kweli wa meno, na ole wako ukiuchanganya na wako). Alipofariki nilikuwa sijui hata kuwasha. Nikajifunza. Siku niliyovuka nalo daraja la Nyali peke yangu, nililia kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho wake, lakini sikuugusa ukuta.

Sasa tatizo. Gari lile lilikuwa gumu. Matairi yake yalikuwa ya ukuta mfupi, yaani kati ya rimu na lami hapana kitu ila kipande cha mpira chembamba kama chapati, kwa hiyo kila tuta na kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Mavyaa wangu, mamake Baba Dama, ana nyonga mbovu, na siku ya mazishi alibebwa ndani ya gari hilo. Aliposhuka alisema mbele ya watu, "Mwanangu amekufa, na gari lake lataka kuniua na mimi." Tangu siku hiyo hakuingia tena, na kwa kuwa gari jingine hatuna, akawa haendi popote. Anakaa Mishomoroni kwa shemeji yangu Karisa, kwenye kiti cha kamba, na usiku halali. Hilo la kutolala halikuwa siri, mtaa mzima ulijua.

Basi ikakaribia misa ya kumkumbuka marehemu baada ya mwaka, na tulikubaliana isomwe Changamwe, kwenye kanisa alikokuwa akisali Baba Dama alipofanya kazi kule karibu na Airport. Shemeji Karisa akaitisha kikao cha jamaa. Yeye ni mtu mzuri, lakini akishaingia kwenye kikao huwa mwingine.

"Gari liuzwe," akasema. "Mama haliwezi, na wewe shemeji, usinielewe vibaya, gari kama lile si la mwanamke. Mwanamke hajui gari linataka nini."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Ila mavyaa akasema, kwa ile sauti yake ya polepole, "Likinifikisha Changamwe bila kunivunja, libaki kwa mkaza mwanangu. Likinivunja, uzeni."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Safari moja, nyonga moja.

Nikaenda Kongowea, kwa muuza matairi mmoja aitwaye Bwana Swaleh, nikamsalimu, nikamwambia, "Nataka tairi laini."

Akaingia ndani, akatoka na tairi kuukuu lisilo na hata mfereji mmoja, limelika mpaka linang'aa. "Hili hapa laini, dadangu. Hata nzi akitua huteleza."

Wenzake wakacheka. Nikaona haya, nikamweleza vizuri: nataka gari lisimuumize mama mzee mwenye nyonga mbovu. Hapo akaacha mzaha. Akachuchumaa karibu na gurudumu, akapima kwa vidole ule ukuta mfupi wa tairi.

"Nisikiza, mamangu. Ugonjwa si tairi, ni hii rimu. Kubwa mno. Rimu ikila nafasi yote, mpira utakaa wapi? Tutoe hizi, tutie rimu ndogo ya kumi na sita na tairi la ukuta mrefu. Kimo cha gurudumu kitabaki kile kile, lakini mpira utakuwa mwingi, na mpira ndio godoro. Wallahi, mama yako atalala."

Nikaziangalia rimu za Baba Dama. Nikaona ule mswaki. Nikasema, "Rimu hazitoki."

"Hazitoki?"

"Nitilie tairi la ukuta mrefu juu ya rimu hizi hizi."

Bwana Swaleh akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayejiandikia dawa. "Litakuwa refu kupita kiasi. Litasugua madigadi, hivi vifuniko vya juu ya gurudumu. Ukiwa peke yako huenda likapita, lakini ukipakia watu gari litashuka, na ukikata kona kali litashika. Mimi nakwambia mapema."

"Nitilie tu."

Hapo ndipo aibu yangu ilipozaliwa, pale Kongowea, mchana kweupe, kati ya magunia ya viazi na mikokoteni. Nilimwelewa kila neno. Sikuweza tu kumvua marehemu viatu vyake.

Na shetani naye ana mbinu, maana niliporudi nyumbani peke yangu gari lilikuwa kama godoro. Nilipita matuta ya Kisauni mara mbili kwa kujitakia, nikayarudia, nikitabasamu kama mwehu. Nikajisemea, Swaleh anataka kuniuzia rimu tu. Nilijivuna, nasema kweli. Nilijiona fundi.

Siku ya misa ikafika. Nikavaa nyeupe, nikaenda Mishomoroni. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akaligusa gari kwa fimbo yake kama anayeuliza kama linauma, akaketi mbele. Nilidhani tuko wawili tu. Mara nikawaona Mama Mutua na Mama Sidi wanakuja kutoka ng'ambo ya barabara, wamebeba sufuria mbili za pilau. Hawa ni waimbaji wa jumuiya yetu, na Mungu aliwapa sauti na kiwiliwili kwa kipimo kimoja. Mama Mutua peke yake akiketi kwenye benchi la kanisa, walio upande wa pili huinuka kidogo.

"Mama Dama, una nafasi?"

Jamani, ningesemaje? Siku ya misa ya mume wangu, wamepika chakula cha mume wangu, niwaambie gari langu haliwezi kubeba watu? Na Karisa amesimama hapo mlangoni na pikipiki yake, masikio yamesimama? Nikasema, "Karibuni." Wakaingia. Gari likashuka nyuma kama ngamia anayepiga magoti.

Tuta la kwanza: ngrrruu.

Mama Sidi akasema, "Nini hiyo?"

Tuta la pili: ngrrruu, ndefu zaidi.

Sasa, Baba Dama alikuwa na mazoea ya kusafisha koo kabla ya kusema neno. Wote tuliomjua tulijua. Mama Mutua akanishika bega kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Huyo ni yeye. Anataka kusema kitu."

Nami niliyejua kwamba yule si marehemu bali ni tairi, nikanyamaza. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana sikuzoea uongo, na kunyamaza kule kulikuwa uongo wa kilomita nyingi. Wao wakaanza kusali rozari. Kila tulipoingia shimo, Baba Dama alisafisha koo, nao walipandisha sauti. Tulivuka daraja hivyo, tukapita Makupa hivyo, huku mimi nimeng'ang'ania usukani, jasho linanitiririka, hata sikuthubutu kumtazama mavyaa. Alikuwa kimya. Nikadhani anaumia, anajikaza tu kwa heshima.

Tukafika. Lango la kanisa liko baada ya kona kali, kisha kuna kijilima. Watu wamejaa chini ya hema, padri amesimama na vazi lake, na Karisa na pikipiki yake ametutangulia. Nikakata kona. Nikasikia kwanza ngrrruu, kisha kraa! Tairi la mbele lilishika ile plastiki ya ndani ya madigadi, likaikwanyua, likaanza kuitafuna, na moshi wa mpira ukapanda mbele ya kioo.

"Linawaka!" mtu akapiga kelele.

Mama Mutua na Mama Sidi sijui walitokaje, maana gari lile ukiingia nyuma kutoka ni kazi ya kuombewa, lakini walitoka, na sufuria zao. Nikaruka nje na mimi. Mama mmoja wa jikoni akaja mbio na beseni la maji aliyooshea mchele, akalimwagia gurudumu. Nusu ikapata gurudumu, nusu ikanipata mimi kuanzia kiunoni.

Moto haukuwapo, ulikuwa moshi tu. Ila moshi ulipotawanyika, watu wakaona ndani ya gari. Mavyaa ameketi vile vile, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, fimbo imemwanguka mapajani. Hatikisiki.

"Mama!" nikaita. Kimya. "Mama!"

Mama Mutua akachungulia, akajishika kichwa, akatoa ukemi. Mkijua sauti ya yule mwanamke mtaelewa kilichofuata. Wanawake wa chini ya hema wakaupokea, kilio kikapanda kwanza pembeni, kisha kote. Padri akafanya ishara ya msalaba. Karisa akaja mbio, akainama kuingia, akagonga paji la uso kwenye paa (gari ni fupi), akaanza kulia, sijui kwa uchungu upi kati ya miwili.

Nikajisemea, nimemuua. Nimemuua kwa rimu.

Mavyaa akafumbua macho. Akatazama watu, akasikiliza kilio, akafuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Jamani," akauliza, "nani tena?"

Kicheko kilichozuka pale sijapata kukisikia kanisani. Lakini Karisa hakucheka. Alikuwa ameshika paji lake, na mbele ya watu wote akasema, "Si nilisema! Gari hili bovu. Kesho linauzwa."

Ningeweza kunyamaza tena. Gari lingelaumiwa, nami ningebaki mjane wa kuhurumiwa. Lakini uongo wangu wa njia nzima ulinitosha.

"Si gari, shemeji," nikasema. "Ni mimi. Fundi aliniambia rimu ni kubwa, tairi hili litasugua. Nikakataa. Nilitaka rimu za Baba Dama zibaki. Na nyinyi akina mama, ile sauti haikuwa yake. Ni tairi. Nilijua, nikawaacha msali."

Mama Mutua akanikaribia. "Rozari nzima, Mama Dama?"

"Rozari nzima."

"Basi Mungu ameipokea kwa niaba ya tairi," akasema, na watu wakacheka tena. Karisa akafungua mdomo, nami nilijua anataka kusema lile lake la mwanamke na gari, ila mavyaa aliinua fimbo.

"Mkaza mwanangu. Tumepita yale matuta ya Kisauni?"

"Tumepita, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na daraja?"

"Na daraja."

Akashusha fimbo, akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walikuwa wametulia, "Mimi nimelikumbuka tuta moja tu. Karisa, tangu nimzike ndugu yako, usingizi naupata kwa vipande vipande kama mtu anayeokota kuni. Leo nimelala ndani ya gari lake kutoka Kisauni hadi hapa. Gari haliuzwi." Akanigeukia. "Na wewe, ukiambiwa na fundi, sikia."

Tukaingia misani, mimi na sketi yangu ya maji ya mchele, na nawaambieni, nilipita katikati ya kanisa lile kichwa juu.

Nilirudi kwa Bwana Swaleh. Hakunicheka, alicheka tu alipodhani nimegeuka. Akatia rimu za kumi na sita na tairi lenye ukuta mrefu wa haki yake. Gari sasa limepoteza madaha, linaonekana kama kijana wa mjini aliyevaa sapatu za babake, lakini halisemi neno njiani. Rimu za Baba Dama ziko ukutani sebuleni, na Jumamosi nazisugua kwa mswaki wake ule ule.

Nimeapa sitabishana tena na fundi aliyechuchumaa kupima kwa vidole vyake. Na nimejifunza jambo jingine, la kila Jumapili: tukifika kanisani, kabla sijafungua mlango, nashusha kioo kwanza, natoa kichwa, nawaambia watu walioko langoni, "Amelala tu."