Mfereji wa Mama Tone

Ukitaka kumjua wifi yangu, mtazame vidole. Vimejaa vitobo vya sindano, hata akimenya vitunguu anasonya. Nilishamwambia hiyo si kazi, ni kujitafutia makubwa. Ameolewa na kaka yangu na tunaishi nyumba moja, kwa hiyo mimi nina haki ya kusema na yeye ana haki ya kutonisikia, na haki yake anaitumia vizuri.

Kule maabara wanamwita Mama Tone. Anatengeneza kijipande cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, chenye mfereji mwembamba kama unywele. Unaweka tone la damu mlangoni, na damu inatakiwa itembee yenyewe hadi mwisho, ambako kuna dawa inayobadilika rangi mtu akiwa na ugonjwa. Hakuna pampu, hakuna umeme. Siku moja nilimwuliza itatembeaje bila kusukumwa. Akachovya pembe ya karatasi ya kufutia mikono kwenye chai yangu, chai ikapanda taratibu.

"Umeona? Nani kaisukuma?"

Nikanywa chai yenye vipande vya karatasi.

Tabu ni kwamba damu si chai. Damu ina chembe, na ndani ya mfereji mwembamba namna ile chembe zinakimbilia mbele, zinajazana kwenye ncha, mwendo unapungua, mwisho zinaziba kabisa. Kwa miezi mingi damu iligota katikati. Alipanua mfereji, akaubana, akaosha plastiki kwa hiki na kile, na nyumbani alikuwa hasemeshwi. Damu ya majaribio ilikuwa yake mwenyewe, kwa sababu kuomba ya wengine kunataka ruhusa ya wakubwa, na wifi subira hiyo hana. Hatimaye ikapita. Akatoboa kidole kingine, ikapita tena. Alirudi nyumbani anaimba, kaka akadhani amepandishwa cheo.

Mkuu wa maabara akataka kuona kwa macho yake. Akatoa kidole chake, damu ikafika katikati ikagota. Akaitwa mhasibu, ikagota. Akaitwa mlinzi, vilevile. Ya wifi ikapita kama kawaida.

Jioni hiyo alitupa mkoba sakafuni. "Plastiki ile ile, mfereji ule ule, mkono ule ule. Wanataka nifanye nini?" Alimlaumu muuza plastiki, akalaumu joto, hata mimi nikapata fungu langu.

"Labda damu yako imeshazoea njia," kaka akamtania.

Mimi nilicheka. Yeye aliweka kijiko chini akamkodolea macho mumewe. Asubuhi akanivuta hadi zahanati, akapimwe damu yake, jambo ambalo mtu anayeshinda na damu hakuwahi kulifikiria.

Daktari alirudi na majibu. "Mama, damu imekupungua sana. Chembe ni chache mno. Huwa huchoki?"

"Nachoka. Nilidhani ni kazi."

Alilia pale kwenye benchi, na ninavyomjua, hakuwa analilia ugonjwa. Mfereji wake haukuwa umetatua lolote. Ulikuwa unapitisha damu nyepesi ya mtu aliyepungukiwa, na damu ya kawaida ulikuwa unaikataa. Muda wote huo alikuwa anautazama udhaifu wake mwenyewe na kuuita ushindi.

Na wiki hiyo hiyo wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kazi iendelee au ifungwe. Mkuu alipoambiwa habari ya zahanati, hakuonekana kushtuka. "Toboa kidole chako, ipite, wapige makofi," alimwambia. "Mengine tutarekebisha."

Wifi alinisimulia hayo jikoni, mkononi ameshika pakiti ya vidonge vya kuongeza damu ambayo hajaifungua.

"Si utoboe tu?" nikamwambia. "Kidole chako, damu yako. Uongo uko wapi?"

"Wifi, siku kifaa kikifika kwa wagonjwa, mwenye damu nzito kuliko yangu ataambiwa nini?"

"Mtakuwa mmesharekebisha."

"Wakishapiga makofi, nani atakayerekebisha?"

Mficha uchi hazai, najua, lakini methali haijawahi kumwajiri mtu. Nikamwambia ana kichwa kigumu. Akaniambia nimwachie kichwa chake.

Siku ya wageni alimwendea mkubwa wao na kumwomba kidole. Damu ikaingia mferejini, ikatembea vizuri, wakaanza kutabasamu, kisha ikagota katikati mbele ya macho ya wote. Akawaeleza kwa nini, pamoja na habari za damu yake. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu. Mkuu alikuwa anatazama dirishani. Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imefungwa, na wifi amehamishiwa chumba cha kuosha vyombo vya maabara.

Aliporudi nyumbani uso ulishasema yote. Alijimiminia maji, akachana pakiti, akameza kidonge cha kwanza na kukunja uso.

"Haya, umeridhika?" nikamwuliza kwa ukali, maana iliniuma kwa ajili yake.

"Sijaridhika hata kidogo," akasema. "Acha kwanza nipate damu kama ya watu wengine. Ndipo nitajua mfereji uwe na upana gani."