Mwimbaji wa Roki Aliyerudi Kutafuta Kaseti

Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi, amevaa shati jeusi la mikono mirefu kwenye jua lile, nywele zimekuwa nyeupe lakini bado ndefu, amezifunga nyuma kama zamani. Nilikuwa uani naanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Watu wa rika langu hapa Kalemie wote wanamjua. Ndiye aliyeleta roki nzito katika mji uliozoea rumba, akaimba kwa sauti ya kupasua masikio mpaka mapadri wakalalamika, kisha akaenda Ulaya na kuwa mtu mkubwa.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mpiga gita wake. Yeye alibaki hapa, akafa kwa ugonjwa wakati wa vita, dawa zilipokuwa hazifiki. Yule mwimbaji hakuleta hata salamu kwenye matanga. Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu na mfuko wa sukari mkononi.

"Habari ya siku mingi, Mama."

"Nzuri, Papa. Karibu ukae."

Akakaa, akanywa chai, akaeleza. Alikuwa anatengeneza albamu, pengine ya mwisho, na katika kila wimbo alitaka mwanamuziki mgeni. Alikwisha kumpata mpiga ngoma kutoka Kigoma, na kina mama wa Kiislamu wanaopiga matari kwenye maulidi. Mimi alinitaka kwa sababu ya sauti yangu ya kwaya. Nilimsikiliza huku najiuliza: kila parokia ya mji huu ina kwaya, waimbaji wamejaa, kwa nini mimi?

Alipokaribia kuaga, akakizungusha kikombe mikononi.

"Hapa nyumbani hakukubaki kaseti ya zamani? Zile ndugu yako alikuwa anarekodi mwenyewe?"

"Vyote vilipotea, Papa. Tulikimbia mikono mitupu."

Kaseti ilikuwa chumbani, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kitenge. Niliona jibu la swali langu limekuja lenyewe. Wimbo uliompa jina huko Ulaya, ule ambao redioni alisema aliutunga mwenyewe, uliundwa sebuleni kwetu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, tulikaa karibu na stesheni, na kaka alikuwa akisikiliza mabehewa yanavyovutwa kisha yakagongana wakati wa kuunganishwa. Aliutafuta mlio ule kwenye nyuzi siku nyingi, nikiwa msichana, nimekaa chini namtazama. Kwenye kaseti unamsikia anajaribu, anakosea, anaanza tena. Mtu akiisikia hana haja ya kuuliza wimbo ni wa nani.

Bwana yangu aliporudi kutoka bandarini nilimweleza.

"Anataka kuiharibu," akasema. "Usiende kurekodi kwake."

Nilienda. Nilitaka kumwona kwa macho yangu, nijue anafanya nini.

Mwimbaji alikuwa amepanga nyumba karibu na mto Lukuga. Madirisha yalizibwa na magodoro, nyaya zilitambaa sakafuni, na kurant, umeme unaotoka Bendera, ilikatika ilipotaka. Mafundi wake walizungumza Kifaransa kwa sauti ya chini, wakinyamaza nikiingia. Simu yake ikilia, alitoka nje mpaka kwenye barabara. Mimi aliniimbisha vipande vidogo tu vya kuitikia, visivyo na neno hata moja, jambo ambalo msichana yeyote wa kwaya angeliweza. Na kila mgeni alirekodiwa peke yake. Mama mmoja wa matari aliniuliza tukiwa uani:

"Kwa nini yeye hatuimbishi pamoja?"

"Hataki tusikilizane," nikamwambia.

Alitikisa kichwa. Tangu siku hiyo yeye na wenzake hawakurudi nyumbani baada ya zamu yao. Walikaa uani, wakisikiliza.

Ikafika zamu ya wimbo ule uliompa jina. Mgeni wake alikuwa mfanyakazi wa kituo cha umeme cha Bendera, mwanamume mzima, mpiga gita hodari. Alipopiga mwanzo tu, mwimbaji mzee akainua mkono.

"Si vile."

Akarudia.

"Si vile. Inavuta kwanza, halafu inagonga."

"Kwenye diski yako iko hivi, Papa."

"Kwenye diski walikosea."

Mzee akajaribu kumwimbia kwa mdomo, akakosa. Akajaribu tena, akakosa tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaelewa kwamba hakumbuki. Wazungu waliompigia kule Ulaya waliupiga walivyoweza, na yeye ameuimba hivyo miaka yote mpaka ule wa kweli ukamtoka kichwani. Akavua kaske ya masikioni, akakaa juu ya ampli, ile spika ya gita, akatazama sakafu.

Kina mama wa matari walikuwa wamesogea dirishani. Nikaona ndiyo nafasi.

"Papa, huu wimbo njo wa nani?"

Akainua macho, akawaona dirishani.

"Wa ndugu yako. Maneno ni yangu, muziki wote ni wake."

"Na redioni?"

"Waliniuliza, nikajibu haraka. Kisha nikaona haya kurudisha neno."

Jibu lile halikuniridhisha. Mtu mwenye mpango wake anaweza kuongea vilevile. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu, na wote walisikia. Nikamwambia kaseti ipo, nitaileta, ila haitatoka mkononi mwangu.

Kesho yake nilikwenda na bwana yangu. Yeye alisimama karibu na mlango kama askari. Mimi niliiweka kaseti kwenye mashine mwenyewe. Kwanza kikohozi cha kaka. Kisha mguu wake unagonga sakafu. Kisha gita, na kwa mbali sauti ya baba inamwambia apunguze, watu wamechoka na kazi. Sikuwa nimeisikia tangu tumzike. Nilishika ukingo wa meza.

Mzee hakulia. Alikuwa anapiga paja lake taratibu, macho yamefumbwa.

"Umesikia?" akamwambia mtu wa Bendera. "Anavuta, halafu anagonga."

Mafundi waliinakili mbele yetu. Nikaitoa, nikaifunga kwenye kitenge, tukaondoka bila kukaa kula.

Kisha kimya. Alirudi Ulaya, mvua zikaja, zikaisha.

"Nilikuambia," bwana yangu akasema. "Sasa anayo, atafanya anavyotaka."

Mimi pia niliamini hivyo, na usiku niliona nimemuuza kaka yangu.

Diski ilifika na meli ya Kigoma, imefungwa kwenye karatasi ngumu. Nilisoma nyuma yake nikiwa bado nimesimama. Kila wimbo ulianza na jina lake, halafu jina la mgeni. Wimbo wa mwisho ulikuwa na jina la kaka yangu mbele. Chini yake, kwa herufi ndogo, mgeni: yeye mwimbaji. Nilimwita binti yangu anayejua Kifaransa asome tena, maana nilidhani kuna mtego sijauona. Akasoma vilevile. Tulipouweka, ulianza na kile kikohozi.

Nikampigia simu.

"Papa, nimeona."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ungeniamini?"

Tuliulizana hali za nyumbani, tukaagana.

Siku hizi wimbo unapigwa mjini. Juzi nilipanda pikipiki kutoka sokoni, dereva ameufungulia kwenye kiredio chake. Nikamwambia anayepiga gita ni kaka yangu. Akanitazama kwenye kioo.

"Mama, kila muntu hapa anasema ule mpiga gita ni ndugu yake."

Sikubishana naye. Nilimwambia tu asiende mbio.